Kuku wa uani na wanaowawinda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Nafuga kuku wa kienyeji uani kwangu Fuoni, hawazidi thalathini. Mama yangu anafuga wake Konde, Pemba, jirani na msitu wa Ngezi, ambako usiku una wenyewe. Kati ya mabanda hayo mawili nimeshapoteza kuku wa kutosha kuyajibu maswali haya bila ya kubahatisha. Nimeyakusanya yale yanayorudi kila mara barazani na kwenye simu.

Asubuhi nimekuta maafa bandani. Nitamjuaje aliyefanya?

Kabla hujashika fagio, tazama. Manyoya yakishazolewa, ushahidi umekwenda. Angalia kilichobaki, jeraha liko wapi, na kama ilikuwa usiku au mchana.

Kuku mmoja hayupo na kuna mstari wa manyoya unaoelekea kichakani: huyo ni ngawa. Ngawa habaki bandani kula, hubeba akaenda zake. Fuata ule mstari, pengine utakuta mbawa na miguu chini ya muembe wa jirani. Kuku wengi wameuawa, wamelala ovyo na hawakuliwa: mbwa, na mara nyingi ni wawili. Mbwa anayezurura haui kwa njaa, huua kwa sababu kuku anakimbia. Kichwa na shingo vimetafunwa, kiwiliwili kizima, na tundu liko juu karibu na paa: mshuku komba. Kifaranga ameburutwa mpaka kwenye shimo la pembeni: panya. Kimebaki kitita cha manyoya na mbawa tu, pahala pamoja, nyuma ya tangi la maji: paka shume.

Mayai yana lugha yake. Ganda limepasukia kwenye jiwe, tena mchana: cheche, ambaye wengine humwita nguchiro. Akipata yai hulipa mgongo jiwe, akalirusha kwa nyuma baina ya miguu yake mpaka lipasuke. Mayai yametoweka bila hata kipande cha ganda: nyoka au kenge, wote wawili humeza zima. Hapo pia usiwasahau watoto wa nyumbani.

Na kama hakuna unyoya, hakuna damu, na mlango umerudishwa vizuri, basi aliyekuja ana miguu miwili na pengine unamsalimia kila siku.

Lakini mara nyengine hakuna aliyekuja. Kuku ameanguka bila ya jeraha, shingo imepinda, kinyesi cha kijani, na jirani nao wanakufa: huo ni mdondo. Paka akimla maiti usiku, asubuhi paka ndiye anayebeba lawama. Chanjo ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3, na mtu asiyechanja hana haki ya kumlaumu ngawa.

Kwenye video za Marekani kila mtu anamlalamikia rakuni. Na sisi tunao?

Hatunao. Rakuni ni mnyama wa Amerika Kaskazini. Wapo waliopelekwa Ujerumani na Japani wakazaana huko, ila Afrika hawapo mwituni. Ukimwona mnyama mwenye mkia wa mapete Unguja, unayemtazama ni mmoja katika jamaa za ngawa.

Hata hivyo mafunzo yake yanatufaa, maana shida ya rakuni ni mikono. Ana vidole vitano vya mbele anavyovitumia kama mtu: huinua kulabu, husukuma komeo, huvua mfuniko wa pipa. Pia hupitisha mkono kwenye tundu la wavu, akamvuta kuku mguu na kumla kipande kipande akiwa nje. Kwa hiyo wafugaji wa kule hushauriana mambo mawili: komeo linalohitaji vitendo viwili kulifungua, na wavu wa matundu madogo mno. Kwetu mwenye mikono ni komba. Yule yule anayepanda mnazi usiku kunywa tembo kwenye kitete cha mgema hashindwi na kamba uliyoizungusha mara mbili kwenye msumari. Na kuvuta kuku kupitia wavu hata paka shume anaweza.

Banda langu lina wavu wa kuku kote. Si inatosha?

Haitoshi, na hapa ndipo wengi wetu tulipoumia. Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita umeitwa wa kuku kwa sababu unamzuia kuku asitoke. Haukuahidi kumzuia mwengine asiingie. Mbwa huupasua kwa meno. Ngawa akisukuma pale ulipounganishwa, unafunguka. Cheche mdogo na panya hupita kwenye tundu lenyewe bila ya kupunguza mwendo.

Unachotaka ni weldimeshi, ule wavu mgumu wa nyaya zilizochomelewa, ya matundu ya miraba ya nusu inchi, yaani kama milimita 13, geji 19 au nene zaidi. Ni ghali, sikatai. Ndiyo maana sishauri kulizungushia banda zima. Weka weldimeshi kuanzia ardhini mpaka kimo cha kiuno, na kwenye kila dirisha la sehemu wanayolala. Sehemu ya juu ya ua wa mchana weka ule wavu wa bei nafuu. Wanaosukuma na kutafuna hufanya kazi chini. Wanaopanda tutawajia kwenye paa.

Namna ya kuupigilia ni muhimu kama wavu wenyewe. Msumari uliokunjwa juu ya waya hulegea mvua za masika zikishaingia kwenye mti. Tumia skrubu yenye washa pana, au bana waya katikati ya nguzo na ubao mwembamba, kisha pigilia ubao. Ukimaliza, vuta kwa mikono miwili kwa nguvu kama una ugomvi nao. Ukikubali kwako, utakubali kwa mbwa.

Kipimo changu cha tundu ni vidole viwili. Popote vinapopita, kona ya mlango, chini ya bati, pale nguzo ilipopinda, ujue cheche anapita. Nilipoanza kuvipitisha kwenye banda langu nilihesabu sehemu kumi na moja, na mimi nilikuwa najisifu.

Walio karibu na bahari waongeze jambo: chumvi. Waya usiopakwa zinki vizuri huko Nungwi au Jambiani hula kutu haraka, tena huanzia chini kwenye unyevu, mahali usipotazama. Kila vuli ikimalizika, gusa waya wa chini kwa bisibisi. Ukikatika, badilisha kipande hicho usisubiri.

Wanachimba chini ya ukuta. Nifukie wavu kina gani?

Kwenye udongo wa kuchimbika, kama Mwera, Kizimbani na upande wa magharibi wa Pemba, sentimita 30 zinatosha, na ncha ya chini ikunjwe kuelekea nje. Lakini ukimwambia mtu wa Makunduchi au wa Micheweni achimbe sentimita 30 atakucheka. Uwanda ule ni jiwe tupu, na shoka linarudi mkononi likilia.

Kwa hiyo usichimbe. Laza. Chukua weldimeshi ya upana wa sentimita 45 hivi, ifunge kwenye waya wa ukutani, kisha itandaze ardhini kuelekea nje kama mkeka, upange mawe juu yake. Mawe hayo uwanda hauyakosi. Sababu yake ni rahisi: mnyama huchimba pale pua yake ilipogonga ukuta. Akikuta waya chini ya kucha husogea kushoto, husogea kulia, akakuta waya ule ule. Hamuoni mnyama aliyerudi nyuma nusu mita akaanza handaki. Baada ya miezi michache majani yanaota ndani ya waya na hakuna anayejua kama upo. Na mimi siku hizi hata kwenye udongo laini nalaza, kwa sababu waya uliofukiwa huoza na huuoni unavyooza.

Angalizo moja tu: mawe yapangwe yakaane. Ukiyarundika ovyo umemjengea nyoka nyumba.

Sakafu ya saruji ni bora kuliko yote kwa chumba cha kulala, ukiiweza. Weka juu yake randa za mbao au maganda makavu ya karanga, na utasafisha kwa raha.

Nikiziba matundu yote, kuku si watakufa kwa joto?

Swali zuri, na jibu lake ndilo linalotenganisha banda la visiwani na mabanda ya kwenye video za nchi za baridi. Kule wanaziba ili kuku wasigande. Hapa, kaskazi ikishapiga kuanzia Disemba, banda la bati lililozibwa ni oveni. Nimeona kuku waliokufa kwa joto usiku, midomo wazi, bandani mwa mtu aliyewaziba kwa kumuogopa ngawa.

Kwa hiyo usizibe kwa bati wala ubao. Ziba kwa waya. Pande mbili zinazotazamana, ule unaopokea kusi na ule unaopokea kaskazi, ziwe waya wa nusu inchi kuanzia usawa wa fito wanazolalia kwenda juu, na chini ukuta wa mawe, matofali au mabanzi. Upepo unapita juu ya migongo yao, na anayetembea ardhini hamuoni aliyelala. Kuku anahitaji kama sentimita 20 za fito, na fito zikae mbali na ukuta wa waya kiasi kwamba mkono ukiingia haufiki. Masika ikija, shusha gunia upande unaopigwa na mvua. Gunia tu, linaloinuliwa asubuhi.

Paa langu ni la makuti. Niliondoe?

Sikwambii uliondoe. Chini ya makuti pana ubaridi ambao bati haliujui. Lakini makuti ni nyumba ya panya, panya humwita nyoka, na komba huyafumua kama anavua kofia. Piga dari ya weldimeshi chini ya makuti, ishikane na kuta pande zote bila ya kuacha upenyo. Atakayekaa juu akae, chini hashuki.

Kisha kata matawi. Tawi la mkungu au la muembe linaloning'inia juu ya banda ni ngazi umeiweka mwenyewe. Acha mita mbili za uwazi kila upande. Komba huruka masafa marefu kuliko hapo, lakini kima, paka na panya wengi utakuwa umewatoa.

Nguzo niweke za mti gani?

Mvinje. Hupandwa kwa nguzo, hupatikana, bei yake inaongeleka. Boriti za mikoko ni nzuri mno, ila mikoko inalindwa na kukata bila ya kibali ni kosa, sasa usianzishe banda lako kwa mashaka na bwana misitu. Mchwa ni adui wa mvinje, kwa hiyo chini pakaa oili chafu au isimamishe nguzo kwenye saruji.

Mlango nifunge kwa nini?

Nianze na mkasa wangu. Mwaka niliopoteza nusu ya banda ilikuwa ni mwezi wa Ramadhani. Waya nilikuwa nimeshaubadilisha, mawe nimepanga, napita nikijitazama. Tukafuturu, nikaenda tarawehe, nikarudi nikakaa barazani na kahawa. Mlango wa banda ulikuwa wazi tangu magharibi. Saa sita za usiku nikasikia kelele, nikafika na tochi, kuku tisa walikuwa chini. Wavu wangu wote wa ghali ulikuwa mzima, haukuguswa hata na ukucha.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kitu cha kwanza cha kununua, simtajii waya. Namuuliza nani anafunga mlango, na siku ambayo hayupo anafunga nani. Kuku wenyewe hurudi kulala jua likizama, kwa hiyo kumbusho la bure tunalo: adhana ya magharibi. Kwetu sasa mtoto anayetoka chuo cha Kurani ndiye anayefunga, na mimi nikipita kwenda kusali natia mkono kwenye komeo kuhakikisha. Watu wawili, kila siku. Alfajiri usiwahi kufungua. Ngawa na komba wanarudi makwao saa hiyo. Subiri kweupe.

Kwenye komeo lenyewe: usitegemee kulabu peke yake, wala kamba, wala jiwe la kuegemeza. Weka komeo la kusukuma lenye tundu la kutilia kipini au kufuli. Hivyo ndivyo vile vitendo viwili vya rakuni, na komba haviwezi. Bawaba ziwe mbili na ziwe za chuma, za mpira wa tairi hukauka zikakatika. Chini ya mlango ndipo upenyo unapozaliwa, kwa sababu ardhi huchimbuka kwa kuingia na kutoka. Weka kizingiti cha jiwe au ubao.

Mchana kunguru na mwewe wanamaliza vifaranga. Nifanyeje?

Wahenga walishasema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Sisi tukaongezewa kunguru. Huyu kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu, ni wa India, na aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mjini. Taka hazikwisha, yeye ndiye aliyeenea pwani yote. Mwewe huja peke yake, hupiga mara moja akaondoka. Kunguru huja kwa mpango: mmoja anamchokoza koo upande huu, koo akimkimbilia, mwenzake anachukua kifaranga upande ule.

Dawa ni dari juu ya ua wa vifaranga, na hapa mvuvi ni ndugu yako. Nyavu kuukuu zinazotupwa pwani kwa kuchanika bado zinafaa. Nenda Malindi, Kizimkazi au Wete, omba. Tandaza juu ya ua na uivute ikaze. Ikilegea, ndege hunasa na kuku wenyewe hunasa. Jarife lina matundu makubwa, litamzuia mwewe lakini si kunguru. Kwa kunguru tafuta nyavu za matundu yasiyopita ngumi ya mtoto.

Usiwaachie vifaranga kiwanja kabla hawajatimiza wiki sita hadi nane. Mkalishe koo na wanawe ndani ya tenga kubwa au dema kuukuu la kutegea samaki lililopinduliwa, lenye kivuli, maji na chakula, na ulihamishe kila siku. Dema limesukwa kwa kazi ya kuingia bila kutoka; lipindue, ziba mlango wake, na kazi inageuka.

Wanaoning'iniza santuri za video zinazong'ara au mfuko mweusi kama kunguru aliyekufa watapata utulivu wa siku chache. Kunguru ana akili, wiki ya pili anakalia ule ule uzi. Na usimwage mabaki ya samaki uani. Unamwalika mwenyewe kisha unalalamika.

Na panya?

Panya hafuati kuku, anafuata pumba. Ondoa chakula usiku, kiweke kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, na utakuwa umemaliza nusu ya kesi. Banda la miguu liinuliwe kiasi cha goti au zaidi na kila mguu uvishwe kofia ya bati iliyopinduliwa kama faneli, panya akipanda anakwama chini yake. Buku ni habari nyengine, huyo kwa ukubwa wake anabeba kifaranga bila ya taabu, na dawa yake ni ule waya wa kulaza ardhini.

Nimemkuta chatu bandani. Nimuue?

Usimkaribie kwanza. Chatu hana sumu lakini mkubwa wake si wa kuchezewa, na nyoka wengine wenye sumu hujificha pahala pale pale. Toa watoto, fungua mlango, muite mtu anayejua. Aliyekwisha kumeza kuku hawezi kukimbia, na mara nyengine hawezi hata kutoka kwenye tundu aliloingilia, ndiyo maana unamkuta asubuhi. Tundu hilo ndilo la kushughulikia. Fyeka majani kuzunguka banda mita tatu, ondoa marundo ya vifuu na mbao, okota mayai kila jioni. Nyoka hujia panya na mayai kabla ya kujia kuku.

Siafu waliniulia koo akiwa anaatamia. Kuna kinga?

Koo hasimami, hufa juu ya mayai yake. Inauma kuliko ngawa. Mvua zinapoanza ndipo wanapotembea. Zungusha majivu makavu upana wa shubiri kuzunguka kiota na uyabadilishe yakilowa. Banda la miguu, kila mguu ndani ya kopo lenye maji na mafuta ya taa kidogo. Wakishaingia usipigane nao, mtoe kuku na mayai kwanza.

Niweke sumu au nitege?

Sumu hapana. Nyama iliyotiwa dawa ya panya au ya wadudu haichagui: italiwa na paka wa jirani, kunguru, mbwa, na siku nyengine na mtoto aliyekuwa akicheza. Aliyekula sumu hufia kisimani au kwenye dari yako, na ngawa mwengine anachukua nafasi yake mwezi ule ule. Umeua, na tatizo liko pale pale.

Kutega nako kuna mambo. Wanyamapori wa visiwani wanasimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na si kila anayepita uani kwako ni cheche wa kawaida. Unguja kuna uchui, mnyama mwembamba mwenye madoa na mkia wa mapete, ambaye aina yake haipatikani pengine duniani. Wataalamu walimtambulisha mwaka 1998, na alipigwa picha akiwa hai kwa kamera ya mtego Jozani mwaka 2003. Kitanzi hakijui kusoma hayo. Mnyama akikusumbua mno, pita kwa sheha, naye atakuunganisha na watu wa misitu.

Kima punju mtoe kwenye orodha ya washukiwa kabisa. Anakula majani na anatafuna mkaa, kuku hana haja naye. Popo wa Pemba vile vile, ukubwa wake unatisha lakini chakula chake ni matunda.

Jirani anasema ni chui wa kufugwa na wachawi, ametumwa.

Jirani atazame waya wake. Chui wa Unguja aliwindwa mno baada ya Mapinduzi ya 1964, mpaka ikaaminika ametoweka. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilitoa picha za kamera kikidai ni yeye, na gumzo likarudi. Mimi ninachojua ni kwamba aliyekuja Fuoni aliacha unyayo wa ukubwa wa kifundo cha kidole changu. Na Pemba chui hajawahi kuwepo, kwa hiyo mama yangu alibaki bila ya kisingizio.

Nifuge mbwa wa kulinda?

Wanavyuoni wameeleza kuwa mbwa wa kulinda mifugo na mazao amevuliwa katika katazo la kufuga mbwa, maelezo zaidi muulize shekhe wako. Kiutendaji, mbwa asiyefundishwa tangu mdogo ndiye atakayekuwa wa kwanza kula vifaranga. Kwa kelele mimi nachagua kanga. Kanga wanne wakilala juu ya mti karibu na banda, hapiti kiumbe bila ya mtaa mzima kujua. Jirani watakuchukia kidogo.

Taa ya jua inayowaka mtu akipita husaidia zaidi kwa mwizi kuliko kwa mnyama. Mnyama huizoea, mwizi hazoei kuonekana.

Sina pesa. Nianze na lipi?

Kwa mpangilio huu. Leo: mlango ufungwe magharibi, chakula kiondolewe, mayai yaokotwe. Hayo ni bure. Wiki hii: pitisha vidole viwili banda zima, ziba kwa mawe, vibanzi na vipande vya bati ulivyonavyo. Mwezi huu: komeo la vitendo viwili. Kisha nunua weldimeshi mita chache chache, uanze na chumba cha kulala peke yake. Chumba kidogo kilichokamilika ni bora kuliko ua mkubwa ulionusu. Ua wa mchana unaweza kusubiri hata mwaka.

Wameshambuliwa jana usiku. Leo nifanye nini, na nyama yao inaliwa?

Tafuta tundu aliloingilia kabla ya kitu kingine, na ulizibe kabla ya magharibi. Aliyekula jana anarudi leo, pengine saa ile ile. Kama huwezi kuziba leo, kuku walale ndani ya tenga jikoni. Mke atasema, lakini ni usiku mmoja.

Aliyejeruhiwa mtenge, wenzake wakiona damu watamdonoa mpaka wamuue. Safisha jeraha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mwekee pahala penye giza na utulivu, mpe maji. Kuku hustahamili majeraha ambayo ukiyaona utadhani amekwisha, ila jeraha la meno ya paka huoza kwa ndani, likianza kunuka muone bwana mifugo.

Aliyekutwa amekufa ni mzoga, haliwi, mfukie kina kirefu ama utakuwa umeacha karamu. Aliyekutwa bado ana uhai, ukamuwahi kwa kisu ukamchinja kisheria, halali yake inajulikana. Mimi humtazama aliyemng'ata: kama ni mbwa au ngawa aliyekuja mchana kweupe, anayumba, haogopi watu, hapo simli wala simshiki kwa mikono mitupu. Kichaa cha mbwa kimeshawahi kuzuka visiwani. Mnyama wa namna hiyo akikung'ata wewe au mtoto, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, uende hospitali siku ile ile kuulizia chanjo. Kuku watangoja.